Mifupa Yetu Baada ya Ovari Kutolewa: Niliyoyaona kwa Dadangu na kwa Nafsi Yangu



Ndugu wasomaji, akina mama, akina baba, na nyinyi wanafunzi, leo nataka kuzungumzia jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona, nalo ni hali ya mwanamke ambaye ovari zake zimeacha kazi kabla ya wakati wake. Huenda zimetolewa kwa upasuaji, huenda zimeharibiwa na matibabu ya saratani, au huenda zimenyamaza zenyewe bila ya sababu kujulikana. Sote tunajua kwamba mwanamke huyo hatapata hedhi tena. Wachache wetu tunajua kwamba mifupa yake nayo imo hatarini, na kwamba ipo dawa ya kuilinda.

Mimi na dadangu mkubwa tumepita njia hiyo moja, kila mmoja kwa wakati wake, na natija zetu hazikuwa sawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniruhusu niandike. Alisema, "Andika, wapate kujua. Jina langu tu liache."

Dadangu

Dadangu ananizidi kwa miaka 12. Mwaka 1999, akiwa na miaka 33 na watoto wawili, alifanyiwa upasuaji kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukimtoa damu nyingi kila mwezi. Alitolewa kizazi pamoja na ovari zote mbili. Alhamdulillahi damu ilikoma na nguvu zikamrudia. Siku ya kutoka hospitali aliambiwa asiinue kitu kizito kwa wiki 6, akapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi kutazamwa kidonda. Basi. Kuhusu homoni hakuambiwa hata neno moja.

Usiku alikuwa akiamka amelowa jasho, anahama kitandani na kulala sakafuni. Sisi tukisema ni joto la Mombasa. Baada ya mwaka mmoja au miwili hali ile ikapungua, naye akasahau.

Mwaka 2012 aliteleza uani akiwa na ndoo ya maji, akajizuia kwa mkono, na mkono ukavunjika karibu na kifundo. Alikuwa na miaka 46. Tukasema ni ajali, na ajali haina kinga. Mwaka 2015 aliinama kuepua sufuria ya wali, akasikia kitu kama kimekatika mgongoni. Hakuanguka wala hakugongwa na kitu. Picha ya eksirei ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Daktari aliyemtibu mgongo ndiye wa kwanza kumuuliza, "Mama, ovari zako zilitolewa ukiwa na miaka mingapi? Na baada ya hapo ulipewa dawa gani?" Dadangu akamjibu kwamba hakupewa kitu, na kwamba ndiyo kwanza anaulizwa suala hilo, miaka 16 baada ya upasuaji.

Tangu mwaka ule dadangu huswali akiwa amekaa kitini. Mabuibui yake ya zamani yote imebidi yapindwe, kwani kimo chake kimepungua na yalikuwa yakiburura chini.

Zamu yangu

Mwaka 2016, nikiwa na miaka 38, mimi nami niliingizwa hospitali kwa maumivu ya tumbo. Nilikutwa na uvimbe kwenye ovari zote mbili, na mmoja ulikuwa umejinyonga. Ovari zote zikatolewa, kizazi kikabaki. Siku ya tatu dadangu alikuja wodini, akasimama ameshikilia chuma cha kitanda, akamngojea daktari hata alipofika. Akamwambia, "Daktari, mimi nilitolewa ovari nikaachwa hivi hivi, na huu ndio mgongo wangu. Huyu mdogo wangu mtampa nini?"

Daktari alivuta kiti akakaa. Mambo aliyotueleza siku ile ndiyo ninayotaka kuyafikisha kwenu, pamoja na yale niliyojifunza baadaye.

Kinachotokea ndani ya mfupa

Mfupa haufanani na yale mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba zetu za kale, ambayo yakishawekwa yamewekwa. Mfupa u hai. Ndani yake zimo seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa, na zimo seli nyingine zinazojenga mpya mahali pake. Kwa mtu mzima, karibu sehemu 1 kati ya 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Estrojeni, ambayo ni homoni inayotoka kwenye ovari, ndiyo inayowazuia wale wabomoaji wasipindukie mpaka.

Ovari zikitolewa, estrojeni hushuka ndani ya siku chache. Wabomoaji hubaki bila ya msimamizi, nao waashi hawawezi kwenda nao sambamba. Upungufu huwa wa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo, na mifupa yenye vitundu ndani kama sponji ndiyo inayotangulia kudhoofika: pingili za uti wa mgongo, na ncha ya mfupa wa mkono karibu na kifundo. Ukiitazama historia ya dadangu utaona ndivyo ilivyokwenda, mkono kwanza kisha mgongo. Na ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayaumi. Mtu hupoteza mifupa miaka nenda miaka rudi, na dalili ya kwanza ni kuvunjika.

Mwanamke ambaye hedhi yake hukoma yenyewe, kwa kawaida karibu na miaka 50 au 51, naye hupitia upungufu huu. Tofauti ni kwamba aliyetolewa ovari akiwa na miaka 33 huuanza miaka 17 au 18 kabla ya wenzake. Kwa hiyo akifika miaka 50, mifupa yake imekwisha kutangulia mbali.

Wanawake wa Glasgow

Watu wawili wa nyumba moja si utafiti, na mimi sitaki mnikubalie kwa sababu ya mgongo wa dadangu peke yake. Utafiti upo, na umefanywa kwa wanawake kama sisi hasa.

Mnamo mwaka 1941, Daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, pamoja na wenzake, waliandika kwamba udhaifu wa mifupa waliokuwa wakiuona kwa wanawake wengi ulifungamana na kukoma kwa hedhi, na kwamba estrojeni ilikuwa na mkono katika jambo hilo. Kisha katika mji wa Glasgow, Uskochi, Daktari Robert Lindsay na wenzake waliwachukua zaidi ya wanawake 100 waliotolewa ovari zote mbili, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilimeza estrojeni iitwayo mestranoli. La pili lilimeza vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa ndani. Wanawake hawakujua nani anameza nini, wala waliokuwa wakiwapima hawakujua. Kwa miaka 5 walikuwa wakipimwa mfupa wa kiganja cha mkono. Matokeo yalichapishwa mwaka 1976. Waliomeza vidonge vitupu waliendelea kupoteza mfupa, na waliomeza estrojeni mifupa yao ilihifadhika.

Mwaka 1978 wataalamu hao walitoa habari nyingine ambayo nadhani kila mwenye kutumia dawa hii aijue. Baadhi ya wanawake walikuwa wameacha kumeza estrojeni baada ya miaka michache. Mifupa yao ilianza kupungua kwa kasi, na baada ya miaka mingine michache hawakuwa na tofauti na wale ambao hawakuwahi kuimeza. Maana yake ni kwamba homoni huulinda mfupa kwa muda ule inapotumika. Si chanjo, kwamba ukidungwa mara moja umemaliza.

Hofu ya saratani

Niliporudi nyumbani na karatasi ya dawa, mume wangu hakulala. Alikuwa amesikia kwamba homoni hizi huleta saratani ya matiti, na hofu yake haikuwa ya kuzua. Mnamo Julai 2002 utafiti mkubwa nchini Marekani ulisimamishwa sehemu moja kabla ya muda wake. Wanawake zaidi ya 16,000 walikuwa ndani ya sehemu hiyo, na waliotumia estrojeni pamoja na projestini walionekana kupata saratani ya matiti zaidi kidogo, pamoja na kiharusi na damu kuganda. Habari ile ilienea dunia nzima, na wanawake wengi wakazitupa dawa zao.

Aliyetutuliza ni binti wa dadangu, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Alikuja na karatasi alizozichapisha, akamwonyesha mume wangu mstari mmoja. "Baba mdogo, hebu tazama umri wao. Walikuwa kati ya miaka 50 na 79, na wastani ni 63. Mama mdogo ana 38." Akaendelea kutufafanulia kwamba wanawake wale walikuwa wakiongezewa homoni baada ya umri ambao mwili wenyewe huiacha. Mimi nilikuwa narudishiwa kile ambacho kila mwanamke wa rika langu bado anacho. Kisha akatusomea na hesabu zenyewe: kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, walioongezeka kwa saratani ya matiti walikuwa 8, na waliopungua kwa kuvunjika nyonga walikuwa 5. Na mwaka 2004, katika sehemu ya pili ya utafiti ule, ya wanawake waliokwisha kutolewa kizazi na waliotumia estrojeni peke yake, saratani ya matiti haikuongezeka, ingawa kiharusi kiliongezeka.

Ndiyo maana miongozo ya wataalamu wa Ulaya na Uingereza leo hutenganisha mambo haya mawili. Mwanamke aliyepoteza kazi ya ovari kabla ya miaka 40 hushauriwa atumie homoni angalau mpaka afikie umri wa kawaida wa kukoma hedhi, ikiwa hana kizuizi cha kiafya, na faida yake si ya mifupa tu bali hata ya moyo. Ama mwanamke wa miaka 63, hesabu yake ni nyingine na mazungumzo yake na daktari ni mengine.

Vizuizi vipo na si vya kupuuzwa. Aliyepata saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye maradhi makali ya ini, au anayetokwa na damu ambayo sababu yake haijulikani, huyo asichukue dawa hii kwa kuazima kwa jirani. Daktari wake anazo dawa nyingine za mifupa zisizo homoni.

Maswali ya nyumbani kwetu

Mavyaa wangu, Allah amrehemu, alikuwa na pingamizi lake. Aliniambia, "Mwanangu, Mungu amekupumzisha na hedhi, nawe wataka kuirudisha kwa vidonge?" Suala lake lilikuwa la maana kuliko alivyodhani, kwa hiyo nikalipeleka kwa daktari.

Jibu ni hili. Mwanamke aliyebaki na kizazi hapewi estrojeni peke yake, kwani estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na huweza kuleta saratani yake. Lazima apewe na projesteroni. Ikiwa projesteroni anaitumia siku kadhaa tu za mwezi, atatokwa na damu kila mwezi. Ikiwa anaitumia kila siku pamoja na estrojeni, kwa kawaida damu hukatika kabisa baada ya miezi ya mwanzo, ambayo huenda ikawa na matone ya hapa na pale. Mimi nilichagua utaratibu wa kila siku, kwa ajili ya utulivu wa swala na saumu zangu. Yale matone ya mwanzo nilimuuliza mwanachuoni hukumu yake, nanyi fanyeni hivyo. Dadangu, kwa kuwa hakuwa na kizazi, angetosheka na estrojeni peke yake. Yaani yeye ndiye ambaye dawa ingekuwa nyepesi zaidi kwake.

Suala la pili lilikuwa la asili ya dawa. Premarin, mojawapo ya dawa kongwe za estrojeni, iliyoingia katika soko la Marekani mwaka 1942, hutengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wajawazito. Hiyo ndiyo iliyotumika katika utafiti ule wa 2002. Lakini estradioli inayotumika sana siku hizi hutengenezwa viwandani kutokana na mimea kama soya na viazi vikuu vya mwitu, na umbo lake ni sawasawa na estrojeni ya mwilini mwetu. Mwenye kujali asili ya dawa yake amuulize mfamasia, kwani ni haki yake, na amuulize pia ikiwa dawa imo ndani ya kapsuli ya jelatini.

Mwezi wa Ramadhani hautatizi, kwani kidonge ni kimoja kwa siku, nami humeza usiku. Wapo pia wanaotumia kibandiko cha ngozi au jeli ya kupaka. Njia hizo hupendekezwa zaidi kwa mwenye hatari ya damu kuganda, ila upatikanaji wake si rahisi kila mahali. Mara mbili duka la dawa lilinikosesha vidonge vyangu, na daktari akanipa kwa muda vidonge vya kupanga uzazi, kwani navyo vina estrojeni ndani yake. Mfamasia alinitazama kwa mshangao, mwanamke asiye na ovari anapanga uzazi gani! Nikamweleza, naye akaelewa.

Maziwa, jua na mazoezi

Wengine waliniambia, "Kunywa maziwa tu, yatosha." Maziwa ni mazuri, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni wazuri vile vile kwa madini ya kalsiamu. Sisi wanawake wa kujisitiri hatupati jua la kutosha mwilini, kwa hiyo vitamini D yetu huweza kuwa chini hata tukiishi pwani. Dawa yake ni kukaa uani au ghorofani kwenye jua penye faragha, na kupimwa damu ikiwezekana. Kutembea kwa miguu na kubeba uzito wa kiasi huimarisha mfupa pia. Haya yote nayafanya. Lakini kalsiamu ni mawe na chokaa tu. Yakiletwa mawe na huku wabomoaji hawana msimamizi, nyumba haisimami. Kwa mwanamke kijana asiye na ovari, chakula huisaidia homoni wala hakishiki nafasi yake.

Tulipo leo

Mwaka 2022 mimi na dadangu tulisafiri pamoja hadi Nairobi kupimwa uzito wa mifupa kwa mashine ya deksa. Mtu hulala tu juu ya meza, mashine ikampitia juu, bila ya sindano wala maumivu. Mifupa yangu ilikuwa ndani ya kiwango cha kawaida cha umri wangu. Ya dadangu iko katika daraja la udhaifu mkubwa. Hatukuzungumza sana njiani tukirudi. Tulipopita Voi akanishika mkono akasema, "Afadhali mmoja wetu ataweza kusujudu."

Yeye sasa hutumia dawa nyingine, kidonge kimoja kwa wiki, ambacho humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu kwa maji matupu, na asilale chini kwa nusu saa. Pingili iliyobonyea hairudi, lakini dawa hupunguza hatari ya nyingine kuvunjika, na tangu aanze hajavunjika tena, alhamdulillahi. Mimi nakaribia umri ambao ovari zangu zingepumzika zenyewe. Hapo nitakaa na daktari tena, tupime mifupa upya, tuamue kama niendelee, nipunguze, au nihamie dawa nyingine. Kukatisha ghafla bila ya mpango sitafanya, kwa sababu ya yale yaliyoonekana Glasgow.

Ya kuuliza kabla ya kutoka hospitali

Enyi mabinti mnaosoma udaktari, uuguzi na ufamasia, nanyi waume na watoto mnaowasindikiza mama zenu hospitali, tafadhali ulizeni haya:

1. Je, ovari zimetolewa, au kizazi peke yake? Zimetolewa moja au zote mbili? Na iandikwe kwenye karatasi ya kutoka.
2. Ikiwa upasuaji bado, je, ovari zenye afya zaweza kuachwa?
3. Ikiwa mgonjwa hajafikia miaka 45, atapewa homoni? Ikiwa hapewi, ni kwa sababu gani?
4. Kizazi kimebaki? Kama kimebaki, projesteroni imo ndani ya dawa yake?
5. Mifupa yake itapimwa lini?

Na binti ambaye hedhi yake imekatika miezi kadhaa naye hana mimba wala hanyonyeshi, asiambiwe ni husuda wala asifurahie kupumzika. Apelekwe apimwe, kwani ovari huweza kunyamaza hata kwa msichana wa miaka 20, na mifupa yake haitamngoja aolewe.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu mama zetu na dada zetu katika miili yao na ibada zao, na awalipe kheri wale wanaouliza kwa niaba ya wengine, kama alivyoniulizia mimi dadangu.